Viatu vya Dada wa Ng'ambo

Serikali iliporuhusu askari wazee wavuke bahari kwenda kuwaona jamaa zao bara, waliotenganishwa nao na vita karibu miaka arobaini, mtaa wetu wa wanajeshi huku kisiwani, pale Hsinchu, uligeuka soko. Kila mzee alinunua pete za dhahabu za kwenda kugawa. Baba naye alinunua, kisha akaniita.

"Yun-ju, hebu jaribu hivi."

Viatu vyekundu vya ngozi! Na mimi mwaka mzima ni ndala za plastiki. Vilinikaa barabara. Baba akabonyeza ncha kwa kidole gumba, akatabasamu, halafu akanivua.

"Basi vitamtosha na dada yako."

Dada gani? Ndipo nilipoambiwa kwamba kabla ya Mama, kabla ya kisiwa hiki, Baba alikuwa na mke kule bara, Shandong, na binti mdogo kama mimi, Chunying. Siku jeshi lilipomkamata njiani likamtia uaskari na kumvusha huku, alikuwa anakwenda kumnunulia Chunying viatu vyekundu. Roho iliniuma.

Mama akacheka bila furaha. "Mzee wewe, umerogwa? Huyo Chunying sasa hivi ananizidi umri hata mimi! Mpe mtoto viatu."

"Hesabu naijua," Baba akasema, huku akivifunga kwenye gazeti.

"Na mimi je, Baba?"

"Wewe unaniona kila siku, mwanangu."

Kana kwamba kumwona kunavalika! Niliomba vipotee njiani. Niliomba vimbane huyo Chunying mpaka atoke malengelenge.

Baba alirudi amekonda, kabaki na fulana na suruali. Masweta, saa, hata mkanda, vyote kawagawia jamaa wa kule. Nilipekua begi lake mpaka chini.

"Viatu viko wapi? Havikumtosha, si ndiyo?"

"Havikumtosha."

"Basi nipe!"

Akanipa picha. Mwanamke mwenye mvi na mapengo ameketi kitandani, amevikumbatia viatu vyangu. Kando yake Baba analia. Mimi hajawahi kunililia.

"Nilimwomba anirudishie nikuletee," Baba akasema. "Akakataa katakata. Akaniambia, 'Huyo mtoto amekupata wewe. Viatu aniachie mimi.'"

Niliitazama tena ile picha. Kumbe na yeye alikuwa na wivu, tena juu yangu mimi. Niliushika mkono wa Baba nikaung'ang'ania, yule wa kwenye picha asije akamwita tena.