Mvumo wa Spika

Mpiga gitaa alifika ukumbini alasiri akiwa hoi, gitaa begani, mkononi spika yake kuukuu. Tangu kaka yake, mpiga besi, afariki, alikuwa akipiga peke yake. Peke yake na spika ile, maana kila ikiwashwa ilivuma chini kwa chini. Apige jazi, akwaruze nyuzi kwa kijiko, mvumo ulikuwa pale pale, naye aliufuata kama alivyokuwa akilifuata besi la kaka.

Akajinyoosha kwenye viti vya nyuma, usingizi ukampitia. Alipoamka, fundi mitambo alikuwa anakaza skrubu ya mwisho, meno yote nje.

"Pole na safari, mzee wangu. Spika yako ilikuwa inavuma vibaya! Waya ulilegea, nimeuchomea. Hebu sikiliza."

Akasikiliza. Kimya. Nani alimtuma? Angekuwa na nguvu angemtukana.

"Ahsante, mwanangu," akasema.

Watu wakaingia, wakakaa. Akapiga noti ya kwanza, kisha, kwa mazoea, akatulia kidogo kumpisha kaka yake.