Uwanja wa Dhihaka

Sina desturi ya kusimulia ndoto zangu, kwa maana nyingi huwa ni za mtu aliyeshiba akalala vibaya. Hii naisimulia kwa sababu niliiingia nikiwa nimewakasirikia watu wote, nikatoka nimemkasirikia mmoja tu, naye ni mimi.

Ilikuwa Jumamosi. Asubuhi ya siku ile, katika ukumbi mmoja hapa Tabora, tulionyesha kwa mara ya kwanza filamu niliyoiandika mwenyewe, Mheshimiwa Shibe, habari za diwani mlafi anayezindua choo cha shule kwa kukata utepe, kisha anakwama ndani yake mbele ya wapiga kura. Ilikuwa filamu ya kejeli, na haikuwa na adabu. Tuliwacheka viongozi, waganga, wahubiri, wakwe na walevi, hatukumbakiza mtu. Haikupita nusu saa, ukumbi ukawa umegawanyika. Mwalimu mmoja mstaafu alisimama akasema hajaona uchafu wa namna ile tangu azaliwe, akatoka. Mama mmoja anayeuza chakula stendi alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi, akawaambia jirani zake kwamba diwani wao ni yuleyule, kakosewa jina tu. Mtendaji wa kata aliniita pembeni, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye amenisikia, na wakubwa wake nao watanisikia. Hayo yote niliyategemea. Ndiyo niliyoyaandikia.

Nisichokitegemea ni kuondoka kwa kaka yangu Nkwabi. Nkwabi ana kigugumizi tangu utotoni, na katika filamu yumo mwananchi mwenye kigugumizi anayesimama mkutanoni kumwuliza diwani swali. Kabla hajalimaliza, diwani anamshukuru kwa pongezi zake na kuamuru apigiwe makofi. Mimi nilikusudia tumcheke diwani. Lakini mwigizaji alikuwa hodari mno wa kukwamisha maneno, na ukumbi ukamcheka yeye. Wakapiga miluzi, wakamwiga, wengine wakagonga viti. Nkwabi alikuwa safu ya mbele pamoja na mkewe Kalunde na binti yao wa miaka tisa. Nilimwona mtoto akicheka kama wenzake, kisha akamtazama baba yake, akaziba mdomo. Nkwabi aliinuka, akamshika mkono, wakatoka wote watatu. Hakunitazama.

Nilirudi nyumbani saa nane mchana. Shaweji, aliyeiongoza filamu, alinipigia simu akiwa na furaha tele: watu wameikubali, hasa kile kipande cha kigugumizi; Jumatatu anaipeleka kwa wasambazaji, nisiguse kitu. Nilimweleza habari za kaka yangu. Akasema utani ni utani, asiyeweza asije. Nilijitupa kitandani na viatu vyangu, nikawa najitetea moyoni mbele ya kila mtu, mwalimu, mtendaji, kaka, na katikati ya utetezi huo usingizi ukanichukua.

Nikajiona nakwenda katika nchi tambarare yenye nyasi fupi, mwanga umeenea kila mahali na jua halionekani. Ubavuni mwangu alikuwa akitembea mwanamke wa makamo aliyejifunga kitenge kama mtu wa safari, na uso wake ulikuwa wa mtu anayekaribia kucheka lakini anakungoja uanze wewe. Nilimwuliza yeye ni nani. Akanijibu kwamba jina lake ni Utani, na kwamba wazee wangu walikuwa wakimpa kiti cha mbele hata msibani, ingawa mimi nimezoea kulitaja jina lake bila kumfahamu. Kisha akaniambia tuongeze mwendo, kwani wako wanaonitafuta.

Tulifika kwanza kwenye nyumba nyeupe iliyofagiliwa hata nje ya ua. Mwenye nyumba alikuwa Bi Staha, mwanamke safi, mpole wa sauti, naye alinikaribisha kiti, akaniomba kwa upole niichome filamu yangu, kwa sababu mambo ya aibu husemwa chumbani au hayasemwi kabisa. Nilikuwa karibu kukubali, kwa jinsi alivyosema vizuri. Hapo nikasikia mtu analia nyuma ya nyumba, kilio cha mtu aliyelia siku nyingi. Nilipouliza, bawabu wa nyumba ile, mtu mnene aitwaye Unafiki, alipandisha sauti ya kaswida iliyokuwa ikipigwa redioni, akasema hakuna kitu. Bi Staha akainamisha macho. Tulipotoka, nilimwambia kiongozi wangu kwamba mwanamke yule ni mwovu. "Staha si mwovu," alinijibu. "Amekosea kuajiri. Wanaoonewa huja kwake kutafuta heshima, na bawabu wake huwafungia nyuma wasiwasumbue wageni." Nilifurahi kusikia hivyo, nikaona nimeshinda kesi yangu.

Furaha hiyo haikufika mbali. Njiani tulimpita Hofu, kijitu chenye suti kubwa kuliko mwili, anaandika majina ya wapita njia, na langu nililiona juu kabisa. Mbele yake kelele zilizidi, ardhi ikaanza kutetemeka, na ghafla tukatokea kwenye uwanja uliojaa watu kiasi kwamba sikuweza kuona mwisho wake. Katikati ulisimama mnara, na juu ya mnara aliketi Kiburi, anakula, anawatupia mifupa waliokuwa chini. Na watu wale kila walipocheka, kicheko kiligeuka jiwe mikononi mwao. Aliyewaongoza alikuwa kijana mzuri wa sura, sauti yake tamu, na alifanana na kiongozi wangu kiasi cha kunishtua.

"Ni mwanangu, Dhihaka," alisema Utani, na uso wake haukuwa tena wa kukaribia kucheka. "Tuliachana siku aliyogundua kwamba mtu wa karibu hupigwa kwa urahisi kuliko aliye juu."

Dhihaka alinipokea kwa kunikumbatia. Aliutangazia umati kwamba mwandishi amefika, wakaniitikia kwa jina langu, Mihayo, Mihayo, na nakiri kwamba moyo wangu ulivimba. Aliniwekea jiwe mkononi, akanionyesha mnara. Nilirusha kwa nguvu zangu zote, likampata Kiburi mdomoni. Akaacha kutafuna. Uwanja mzima ulinyamaza kwa mshangao, kwani hawakuwa wamewahi kumwona akiacha kutafuna, kisha ukalipuka kwa furaha. Nikarusha la pili, halikufika. La tatu likagonga ukuta na kurudi miguuni mwangu. Nikaanza kusikia manung'uniko. Mtu mwekundu wa macho, aitwaye Hasira, akawa anapenya baina ya watu akiwauliza wamekuja kufanya nini pale kama hakuna cha kucheka, na mmoja mmoja wakawa wananigeukia mimi, mawe yangali mikononi mwao. Dhihaka akainama sikioni mwangu.

"Lenga chini," akaninong'oneza. "Yule pale hana ukuta."

Chini ya mnara alisimama mtu aliyetugeuzia mgongo, ameinua uso kwa Kiburi, anajaribu kumwita. Bega lake lilipanda na kushuka kama la mtu anayevuta maji kisimani. Ningeweza kusema kwamba sikumtambua, na ndotoni nilijiambia hivyo, lakini mgongo ule nimebebwa juu yake utotoni. Nilirusha.

Kicheko kilichofuata, sijawahi kusikia kingine kikubwa kama kile. Mawe yakamiminika upande ule kama mvua, na katika kelele zile niliinua macho nikaona jambo lililonikata maini: Kiburi naye alikuwa anacheka. Alikuwa anapiga makofi, anapangusa mdomo, na hakuna hata mmoja uwanjani aliyekuwa akimtazama tena. Kisha akarudia chakula chake.

Mtu yule aligeuka, akawa ni Nkwabi. Nilikimbia kwake nikitaka kuwaambia watu waache. Nilifungua mdomo, na neno likagoma kwenye herufi ya kwanza. Nililisukuma, likagoma. Nilijua vizuri kabisa ninalotaka kusema, lilikuwa zima ndani yangu, refu na la busara, lakini halikupita, na kadiri nilivyojitahidi ndivyo uso wangu ulivyokunjamana, na ndivyo uwanja ulivyofurahi. Walikuwa wale wale walioniita jina langu. Hakuna aliyenisubiri hata kidogo. Jiwe la kwanza lilinipata begani, la pili shavuni, na nikapiga magoti nikidhani ndio mwisho wangu.

Utani alikuja akasimama kati yetu na umati, na mawe yakapungua. Hakunibembeleza. "Ulipomrushia," aliuliza, "ulimwachia nafasi ya kukurudishia?" Nilitikisa kichwa. "Basi usinitaje tena kwa kujikinga. Mtani hutania na hutaniwa. Mkipigana kwa maneno mkapokezana, mnaondoka ndugu. Mwanangu humpiga aliyezibwa kinywa, kisha humlaumu kwamba hajui mzaha."

Nilimwuliza kwa ishara, kwa kuwa ulimi ulikuwa bado umefungwa, kama basi niende nikaichome filamu.

"Jiwe lako la kwanza lilimfanya aache kutafuna," alisema. "Ukiichoma, umemchomea nani?"

Nkwabi alikuwa bado amesimama. Alifungua mdomo kuniambia kitu, bega likapanda, na mimi nikamkazia macho nisikie. Nikazinduka kabla hajaanza.

Ilikuwa saa kumi na moja, jua lingali dirishani, simu yangu imejaa pongezi na matusi. Sikuzisoma. Nilikaa kitandani, na likanijia jambo nililoliona asubuhi kwa macho yangu nikalipita: mtendaji wa kata, aliyekaa amenuna kuanzia mwanzo wa filamu, alicheka mara moja tu, kwenye kipande cha kigugumizi. Alicheka akajinyoosha kitini kama mtu aliyetua mzigo. Nilikuwa nimemwandama filamu nzima, na pale ndipo nilipomwachia.

Nilitembea hadi kwa kaka yangu. Kalunde alinifungulia mlango, akasema, "Karibu, shemeji," kwa sauti wanayokaribishiwa wadai, akaenda jikoni. Nkwabi alikuwa sebuleni anarekebisha mguu wa kiti. Nilimwambia nilichotenda, bila kutaja nia yangu njema, ambayo njiani niliiandaa sana. Nilimwambia kipande kile kinaweza kukatwa. Nitampigia Shaweji sasa hivi, na asipokubali nitaliondoa jina langu.

Alichukua muda mrefu kujibu. Sitaandika jinsi maneno yake yalivyokwama. Nimeshafanya hivyo mara moja, inatosha. Nilijikuta nataka kumsaidia, kummalizia, kama tulivyofanya nyumbani miaka yote tukidhani ni wema. Nikaubana ulimi.

"Kwanza," alisema hatimaye, "filamu yako ni ndefu kuliko sentensi zangu."

Jikoni Kalunde aliangua kicheko. Mimi nilichelewa, kwa sababu lilinipiga kwelikweli. Filamu yangu ni ya saa mbili na nusu. Nilipocheka yeye hakucheka. Aliweka kiti chini, akakijaribu kwa mkono, akaniambia kwamba binti yake tangu asubuhi hajamsemesha, anamkwepa, na kwamba jambo hilo sitaliondoa kwa kumpigia simu mtu yeyote. Nikasema najua.

"Usikikate," akasema. "Yule bwana alisimama kuuliza swali. Mwacheni amalize."

Nilimwuliza alitaka kuuliza nini. Sikuwa nimewahi kufikiri. Nilipoandika, niliandika ukwamaji tu, na baada yake nukta nukta.

Nkwabi alivuta kiti kile alichokitengeneza, akanisogezea nikae. Kisha akaanza kuniambia, na ilichukua muda wote uliotakiwa.