Waya wa Chumba cha Nyuma

Taa ya ruta iligeuka nyekundu mwenye nyumba akiwa katikati ya sentensi. Alikuwa ameketi sebuleni mbele ya kompyuta, juu shati lililopigwa pasi, chini kaptula, akiwafundisha wahudumu wapya wa simu jinsi ya kumsikiliza mteja. Nyuso zao ziliganda kwenye kioo, mmoja mdomo wazi, mwingine jicho moja limefumbwa. Taa iliporudi kijani, mkuu wake alikuwa ameshaingia kwenye kikao na ameshatoka.

"Umetuacha hewani tena," mkuu aliandika. "Hili likijirudia, tutatafuta mwalimu mwenye mtandao."

Mkewe akamwita fundi. Mtaani walimwita Mojamoja, kwa sababu hakubadilisha vitu viwili kwa mpigo hata ungemlilia. Alijifunza kazi peke yake, kwa kufungua redio zilizokufa. Alisema ukibadilisha viwili na tatizo likaondoka, hutajua ni kipi kilichokuwa kinakusumbua, na siku likirudi utaviogopa vyote.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," mke alimpokea mlangoni. "Wenzako wameshakuja. Wa kwanza kasema ni ruta, tukanunua mpya. Wa pili kasema ni majirani."

"Na wewe shemeji, unasemaje?"

"Mimi nasema ni hasidi."

"Hasidi tutamwacha wa mwisho," fundi alisema, akavua viatu. "Mnaishi wangapi humu?"

"Watatu. Mimi, mume wangu na binti yetu."

Fundi alibadilisha plagi ya umeme, akakaa akiitazama taa. Ikawa nyekundu. Akairudisha plagi ya zamani. Akabadilisha waya mfupi unaotoka ukutani, akakaa tena. Nyekundu. Akaisogeza ruta mbali na friji. Akazima televisheni. Kila alichogusa alikirudisha kilipokuwa kabla ya kugusa kingine.

Binti, ambaye alikuwa anasomea kwenye kochi, alimtazama juu ya simu yake. "Fundi, kwa mwendo huu utamaliza nikiwa nimeshaolewa."

"Basi nitaunganisha na ukumbi wa harusi humo humo."

Binti akacheka, mtandao ukakatika, akaacha kucheka.

Fundi alikuwa anajua kwamba kukatika kwa mtandao kuna tabia. Joto likizidi hukatika mchana. Maji yakiingia kwenye waya hukatika mvua inaponyesha. Huu ulikuwa wa aina nyingine. Ulikatika kidogo, ukasubiri. Ukakatika kwa muda mrefu zaidi, ukasubiri tena. Kisha ukatulia kwa muda, kama mtu aliyebisha hodi mpaka akachoka.

Vitu vya sebuleni vilipokwisha, aliufuata waya wenyewe. Ulitoka ukutani, ukapanda juu ya mlango wa jikoni, ukaingia kwenye ujia, ukapotelea nyuma ya kabati la nguo. Nyuma ya kabati palikuwa na mlango.

"Hiki chumba cha nani?"

"Ah, hicho cha Mama," mke alijibu. "Mama mkwe. Yeye hatumii mtandao, ndiyo maana sikumhesabu."

Wakasogeza kabati. Lilikuwa jepesi, na sakafu ilikuwa na mikwaruzo ya kulisogeza wakati wa kupeleka sahani. Komeo lilikuwa upande wa nje.

"Ni kwa usalama wake," mwenye nyumba alisema kutoka sebuleni bila kugeuza kichwa. "Akitoka anaanza kuongea na watu."

Ndani, bibi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa nguo za kutokea, mkoba mapajani. Dirisha lilitazama ukuta. Waya ulipita juu ya mto wake, na hapo ukutani juu ya mto ndipo palipokuwa na kisanduku cha kuungia waya.

"Karibu, mwanangu," bibi alisema.

"Imekata!" binti alipiga kelele sebuleni.

"Shikamoo, mama," fundi alisema.

"Marahaba."

"Imerudi!"

Fundi alikaa kwenye kiti, akafungua kisanduku kwa bisibisi. Kilikuwa kimejaa maneno. Yalikuwa madogo kama kokwa za limau, yenye rangi ya chai nyepesi, yameshindiliana mpaka shaba haionekani. Alichukua moja akaliweka kiganjani. Likasema kwa sauti ya bibi, "Nani huyo anapita?" kisha likakauka. La pili likasema, "Kuna mtu nyumbani?" La tatu likasema jina la utotoni la mwenye nyumba, na fundi akalirudisha, kwa kuwa halikumhusu.

Hakutaka kukata shauri kwa jaribio moja. "Mama, naomba useme kitu. Chochote."

"Nikuambie nini, jamani? Haya. Taa ya humu imeungua siku nyingi."

Fundi hakujibu. Jaribio lilimtaka asijibu. Bibi alimtazama usoni, akangoja.

"Imekata!"

"Samahani, mwanangu," bibi alisema polepole, akikunja mkono wa mkoba. "Sikujua kama una kazi."

Hapo pia fundi hakujibu, ili awe na hakika.

"Bado imekata!"

Kisha akageuza jaribio. Akamuuliza taa ile iliungua vipi, bibi akaeleza, naye akaitikia. Bibi akahamia kwenye goti linalouma upande wa mlango tu, fundi akauliza kwa nini upande wa mlango, bibi akasema ndilo linalotangulia kuinuka akisikia hatua. Fundi akacheka, bibi akacheka. Akamsimulia jinsi marehemu mumewe alivyokuwa akipiga mluzi ili asisemeshwe, na jinsi yeye alivyojifunza kupiga mluzi kwa sauti zaidi. Muda wote huo taa ya sebuleni haikupepesa hata mara moja. Mwenye nyumba alimaliza somo lake lote, na wahudumu wapya wakampigia makofi.

Wakakaa mezani. Fundi akaeleza kwa utulivu, kama anavyoeleza habari za soketi mbovu.

"Si ruta, wala si majirani. Ni Mama. Akisema asipojibiwa, neno linakosa pa kukaa. Waya umepita juu ya mto anaolalia, basi linaingia humo. Likiwa linapita, la kwenu linasubiri."

"Si nilisema ni hasidi," mke alisema.

"Na dawa yake?" mwenye nyumba aliuliza.

"Ajibiwe."

"Mara ngapi?"

"Kila anaposema."

Mwenye nyumba alimtazama mkewe. Mkewe alimtazama binti. Binti alitazama simu.

"Mimi nina vikao," alisema mwenye nyumba.

"Mimi nina wateja wangu wa nguo, wananisubiri hewani," alisema mke.

"Msinitazame mimi, nina mtihani," alisema binti. "Na Bibi hadithi zake hazina kituo. Ukimjibu moja anakuletea dada zake."

Kutoka nyuma ya kabati, ambalo lilikuwa limesharudishwa, kitu kikasemwa. Taa ikawa nyekundu, ikarudi.

"Njia ya kifundi haipo?" mwenye nyumba aliuliza.

Fundi hakuwa mtu wa kuhukumu haraka. Alikuwa ameingia kwenye nyumba nyingi, na katika nyingi kilichotunzwa vizuri kuliko vyote kilikuwa waya. Aliulizwa kama njia ipo, na njia ilikuwepo.

"Awekewe waya wake."

"Uende wapi?"

"Si lazima uende popote. Ukishatoka nje ya ukuta, inatosha."

Akauhamisha waya wa nyumba, akatoboa tundu kwenye ukuta wa chumba cha nyuma, akapitisha waya mpya mpaka nje, na mwisho wake akauacha kwenye nyasi karibu na ua. Bibi aliushika upande wake kwa mikono miwili.

"Huu ni wangu? Wangu peke yangu?"

"Wako, mama."

"Unafika kwa nani?"

Fundi alikuwa bado anakunja vifaa vyake. Aliyejibu ni mwenye nyumba, ambaye alikuwa amekuja mpaka mlangoni.

"Kwa wote, Mama. Wewe sema tu, wanasikia."

"Nao watanijibu?"

"Wanasikiliza kwanza," mwanawe alisema, kwa sauti ile nzuri ya kazini. Fundi alipotoka, akarudisha komeo.

Bibi alijitengeneza kilemba, akajikohoza, akaanza kwa kuwaamkia.

Tangu siku hiyo taa ya ruta haikubadilika rangi. Mwenye nyumba alipandishwa cheo, akawa anawafundisha wanaofundisha kusikiliza. Huko nje maneno yalidondoka kwenye nyasi, mengi asubuhi, machache jioni. Mke aliyafagia pamoja na majani. Mengine yalisema yakiguswa na ufagio. "Nyie mmeshakula?" yaliuliza. "Yule mtoto mtihani wake vipi?" Aliyazoa yote akayamwaga mtaroni, kwa sababu yalikuwa yanaleta siafu.

Mvua zilipokaribia, fundi aliitwa kwenye nyumba ya jirani. Alipomaliza alipita kwenye ua kuitazama kazi yake, kama ilivyokuwa desturi yake. Kwenye nyasi palikuwa na neno moja tu, jipya, bado lina unyevu. Akaliokota.

"Fundi," lilisema, "ukipita hapo, mwisho wa waya wako uko wazi, na mawingu nayasikia kwenye goti. Ufunge, maji yasiingie. Ndani usiwaambie kwamba najua haufiki kwa mtu."

Fundi aliinama. Ni kweli, shaba ilikuwa wazi, na hiyo si kazi ya kujivunia. Akauinua waya mpaka mdomoni, akasema, "Nimesikia, mama." Lakini waya ule ulikuwa wa kutoka tu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeufunga hivyo.

Akatoa tepu nyeusi mfukoni, akaizungusha taratibu mpaka shaba ikafunikwa yote, akaibana kwa vidole ishike. Ilishika vizuri. Hakuna neno lililodondoka tena.

Sebuleni taa ilikuwa ya kijani.