Mtama wa Shamba la Chini

"Shamba la chini limekufa, shemeji. Mvua zikiisha naleta mafundi wa matofali," alisema mdogo wa mume wangu, mdomo umejaa mkate. Mume wangu akakodolea macho kikombe chake.

Udongo ukishachimbwa haurudi. Wanangu wangerithi shimo.

"Mtama ukisimama mle, hutatia sepetu," nilimwambia.

"Kwenye chumvi ile? Labda uote umeshakaangwa!"

Nilisomea kilimo chuoni, sikusomea kunyamaza. Nililoweka mbegu ndoo mbili kwenye maji yenye chumvi kidogo. Mbegu hunywa, huamka, nawe unaitoa kabla haijatoa mzizi, unaianika kivulini ikauke. Ukiipanda, chumvi ya shamba inaikuta imeshajiandaa.

Nilitoka kuazima jembe. Niliporudi, ndoo moja ilikuwa tupu na kuku wanagombania uani.

"Mama, mbegu zangu?"

"Mbegu gani za kutiwa chumvi?" alijibu mama mkwe. "Nilijua zimeharibika, nikawapa kuku. Nimekusitiri aibu, mwanangu."

Ndoo iliyobaki ilitosha nusu ya shamba. Nusu nyingine nilipanda mbegu kavu, maana mvua haimsubiri mtu.

Mvua zilipoisha, shemeji alikuja na fundi wake, masepetu begani. Akasimama upande wa mbegu kavu, penye weupe wa chumvi na miche ya manjano ya kuhesabika.

"Ndiyo shamba hili?"

"Mbegu za huko walikula kuku. Geuka."

Akageuka. Upande wa pili mtama ulikuwa umemfika kiunoni, si mnene, lakini umeshika mistari yake.

"Nusu tu," akanung'unika. "Fundi, anza kuchimba."

Niliingia katikati ya mistari, nikakaa chini. "Anza na mimi, basi."

Fundi akashusha sepetu. "Bosi, mimi nachimba udongo. Chakula cha watu sichimbi."

"Kachimbe huko kwenye weupe!" shemeji alifoka.

"Huko nako hachimbi mtu!" Alikuwa mama mkwe, anashuka mteremko, kandambili mkononi. "Msimu ujao tunapanda kote. Na wewe, mwanangu, utanionyesha hiyo chumvi inatiwa kiasi gani."

"Nitakuonyesha, mama. Ila kuku tutawafungia kwanza."