Nani Hulala Taa Ikiwaka

Pale saluni walimwita Redio, na wala hakukasirika. "Redio yenyewe haizimwi," alikuwa akisema, "na umeme ukikatika nina betri." Alikuwa msusi mwenye mwili wake, goti moja bovu, na mdomo uliomletea wateja wengi kuliko mikono. Ukikaa kwenye kiti chake, utakapoinuka utakuwa unajua nani kaachwa, nani kaolewa kimya kimya, na nani anajidai kakonda kwa mazoezi kumbe alikuwa anaharisha.

Mwezi ule mdogo wake alilazwa, figo zinamsumbua, akamwachia bintiye mmoja wa pekee. Mtoto alikuwa mwembamba, miguu kama njiti za kiberiti, ndiyo maana wakamwita Njiti.

"Dada," mgonjwa alimwambia, kamshika kiganja, "nakupenda, lakini nakujua. Usije ukanogewa na soga mpaka mtoto akakupotea."

"Huyu? Huyu nitamfunga kiunoni kama funguo!" Redio aliapa, na wodi nzima ikacheka, maana alikuwa ameshajuana na wodi nzima.

Jumamosi akampeleka mtoto makumbusho ya watoto, lile jengo la katikati ya jiji lililokuwa zamani ghala la vitambaa. Sifa zake Njiti alizisikia shuleni: huko hakuna kioo wala kamba ya kukuzuia, kila kitu unashika, unavuta, unapanda. Foleni ilikuwa imetoka mlangoni ikapinda kona. Mbele yao alisimama mwanamke peke yake, mtulivu, nywele ndefu za kahawia zimemlalia mgongoni.

Redio hakuwahi kusimama kwenye foleni akiwa amefunga mdomo.

"Dada, hilo wigi umelipata wapi? Maana mimi ndiyo kazi yangu. Hilo si la kubahatisha."

Mwanamke akageuka, akatabasamu. "Nililetewa zawadi. Niite Mama Pacha. Wanangu wametangulia ndani na baba yao."

Basi ikawa kama mtu kafungulia bomba. Foleni ilisogea kidogo kidogo na Redio akamwaga. Kwamba huyu ni Njiti, mtoto wa mdogo wake. Kwamba mama mtu yuko hospitali kuu, wodi ya juu, kitanda cha dirishani. Kwamba mtoto anasoma shule ile yenye geti la kijani, na saluni yenyewe iko kona ya kule mbele, ng'ambo ya duka la dawa, huwezi kuikosa. Mama Pacha alitikisa kichwa, akasema "eeh," akasema "maskini," akamshika Njiti kidevu.

"Na muoga huyu! Giza haliwezi hata kidogo," Redio akaongeza. "Kwangu taa haizimwi usiku kucha. Kisa yeye."

Njiti alimtazama mama yake mkubwa, akafungua kinywa kama anayetaka kusema kitu, kisha akakifunga.

Dirishani mkata tiketi akaeleza kwamba tiketi ya familia inabeba wakubwa wawili na watoto wao. Mama Pacha alikuwa anafungua pochi.

"Hebu funga pochi hiyo," Redio akamwambia, kisha akamgeukia mkata tiketi. "Dada, tuandikie pamoja."

"Huyu ni nani yenu?" mkata tiketi akauliza.

"Mdogo wangu, tumbo moja! Huoni tulivyofanana?"

Hawakufanana hata kwa bahati mbaya. Wakacheka wote, mkata tiketi naye akacheka, akawafunga mikononi tepe za karatasi za rangi moja na namba moja, wote watatu. Mlinzi wa mlangoni, mzee wa sauti nzito, akamrudia kila aliyeingia maneno yale yale: "Mtoto hatoki bila mkubwa mwenye namba yake. Namba zikilingana, pita. Zisipolingana, hata ulie machozi ya damu, hupiti."

"Hapo umenena, baba," Redio akamsifu. Alipogeuka, Mama Pacha alikuwa ameshazama kwenye umati, mkono juu, anaaga.

Ndani kulikuwa na kelele za kutoboa masikio. Shule zilikuwa zimeletwa kwa mabasi. Watoto walichotana maji kwenye meza ndefu, wakauziana ndizi za plastiki, wakapiga mswaki jino kubwa kama mlango. Kwenye chumba cha daktari wa kuigiza walivaa makoti meupe na kofia walizochota kwenye kapu kubwa la nguo. Na katikati ya ukumbi kilisimama kichuguu cha saruji, kirefu kupita mtu, ndani kimetobolewa njia zinazopindapinda, mlango wake chini kabisa, wa kuingia mtoto kwa magoti. Mtu mzima hapati hata bega.

Njiti aliingiza kichwa, akakitoa. "Mamkubwa, mle kuna giza."

"Basi tusihangaike nako," Redio akajibu haraka, wala hakuinama kuchungulia.

Walichopenda wote wawili ni masahani. Yalikuwa mawili, makubwa kuliko tairi la lori, moja ukuta huu na jingine ukuta wa kule, ukumbi mzima katikati. Unalielekea sahani lako, unaweka uso kwenye pete ya chuma iliyo mbele yake, unanong'ona. Mwenzako kule ng'ambo, naye kalielekea sahani lake, wewe kakupa mgongo, anakusikia kama umelala naye mto mmoja. Redio aliona hiki ndicho kitu cha maana kuliko vyote vilivyowahi kubuniwa na binadamu.

Akamsimamisha Njiti kwenye sahani la kule, akavuka ukumbi akichechemea, akaweka uso kwenye pete.

"Redio hapa. Habari za huko?"

"Nzuri!" Sauti ya mtoto ilimtekenya sikio. "Mamkubwa, nakusikia mpaka unavyohema!"

"Nahema kwa sababu ya goti. Haya nipe umbea. Mwalimu wenu yule ameshaoa?"

Njiti akacheka. Akaanza kueleza habari ya mwalimu na pikipiki. Kisha akanyamaza katikati ya sentensi, na kwenye lile sahani ikaingia sauti nyingine. Ya mtu mzima. Taratibu, tamu, karibu kabisa, kama mtu aliyeinama kichwa kwa kichwa na mtoto.

"Njiti. Mama ametoka hospitali. Yuko nje kwenye gari, anakusubiri. Twende haraka."

"Mama yangu?"

"Ndiyo. Aliyekuwa kitanda cha dirishani. Usimwambie mamkubwa, tunataka kumshtukiza."

Mdogo wa Redio alikuwa kitandani, mpira wa dripu mkononi. Alikuwa ameongea naye kwenye simu asubuhi ileile. Akageuza shingo. Kule ng'ambo, katikati ya vichwa na maputo, aliona nywele za kahawia zimeinama juu ya mabega ya mtoto. Na hatua chache nyuma yao ulikuwa mlango, na mzee wa sauti nzito akitazama namba. Namba zingelingana. Yeye mwenyewe ndiye aliyezilinganisha, kwa mdomo wake, akicheka.

"Mwizi!" akapiga kelele. "Mshikeni!" Watoto waliokuwa karibu wakapiga kelele naye, wakidhani ni mchezo. Ukumbi ulimeza sauti yake kama tone kwenye ndoo. Kukimbia? Kwa goti lile, kupita kwenye watoto waliojaa kama mchele, yule mwanamke angekuwa ameshafika barabarani.

Akarudisha uso kwenye pete.

"Njiti," akanong'ona. "Huyo humjui. Usiende naye. Kimbilia kwenye kichuguu, ingia mpaka ndani kabisa. Sasa hivi."

"Mamkubwa, kuna giza..."

"Najua. Ingia. Na usitoke, hata nani akuite, mpaka..."

Mpaka nini? Mpaka aseme neno gani? Akatafuta kichwani neno ambalo yule mwanamke halijui, na kila alipogusa palikuwa patupu. Jina, alishampa. Shule, alishampa. Wodi, kitanda, saluni. Alipita nyumba yake nzima kwa akili, chumba kwa chumba, na kila chumba alikuta ameshakifungua kwenye foleni. Hakuwa amebakiza kitu. Maisha yake yote alikuwa hajabakiza kitu.

Kasoro kimoja. Kile alichodanganya.

"Usitoke mpaka mtu akujibu nani hulala taa ikiwaka," akasema. "Umuulize. Nenda, mwanangu!"

Hakusikia jibu. Alisikia tu kitu kinakwaruza pete ya kule, kisha mvumo mtupu.

Akaondoka. Akapita katikati ya meza ya maji, sketi ikalowa mpaka mapajani, akapiga kumbo duka la ndizi. Mhudumu mwenye fulana ya njano akamkinga: "Mama, hapa hatukimbii!"

"Mwanangu anaibiwa!" Redio akamjibu, na sauti yake ilivyokuwa, yule mhudumu akaacha kila kitu akakimbilia mlangoni.

Kwenye sahani hapakuwa na mtu. Kwenye kichuguu foleni ya watoto wa shule na mwalimu wao ndiyo kwanza ilikuwa imefika. Nywele za kahawia hazikuonekana popote. Redio akashuka kwa goti bovu, likalia kama mlango mkavu, akaweka kichwa kwenye tundu. Giza lilimpiga usoni, la baridi, lenye harufu ya saruji na soksi. Moyo ukamwenda mbio kama ulivyomwenda tangu alipokuwa msichana.

"Njiti! Ni mimi, toka."

Kimya.

"Njiti, mwanangu!"

Kimya, kimya kabisa, mpaka akawaza: hayumo. Ameshachukuliwa. Nitamwambia nini mdogo wangu? Kisha kutoka ndani sana ikaja sauti ndogo, inatetemeka.

"Nani hulala taa ikiwaka?"

Redio alitazama nyuma. Foleni nzima ilikuwa inamtazama, na mwalimu, na akina mama wawili waliosimama kushangaa.

"Ni mimi," akanong'ona.

"Sisikii!"

"Ni mimi!" akapaza. "Mimi mamkubwa wako, jimama zima, ndiye ninayeogopa giza! Wewe huogopi, nilikusingizia! Kila mtu asikie!"

Watoto wakaangua kicheko. Ndani ya kichuguu magoti yakaanza kuburuzika, yakapinda, yakapotea, yakarudi. Mikono ikatokea, kisha kichwa chenye vumbi. Redio akamvuta akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika. Mguu mmoja ulikuwa mtupu.

"Kiatu kiko wapi?"

"Aliingiza mkono," Njiti akasema. "Akanishika mguu, akavuta, kiatu kikatoka. Nikaingia ndani zaidi. Halafu nikamuuliza."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Ni wewe, mpenzi, unayeogopa giza.'" Mtoto akajifuta pua kwa mkono. "Nikajua hajui."

Mlango ukafungwa. Mlinzi akaapa: mwanamke mwenye nywele ndefu za kahawia hajapita kwake, wala mwenye mtoto mwenye namba ile. Basi yumo ndani, wakasema, na hapo ndipo hofu ilipopanda upya, kila mwanamke anamtazama mwenzake, kila mtoto kashikwa mkono. Wakatafuta chooni, wakatafuta nyuma ya jino.

Aliyeona ni Njiti. Kwenye chumba cha daktari, mvulana mdogo alikuwa anampima mdoli homa, na kichwani amevaa nywele ndefu za kahawia alizotoa kwenye kapu.

Redio akalichukua lile wigi. Mikono yake ilikuwa imeshika mawigi maisha yake yote. Akaligeuza, akaweka kiganja ndani. Lilikuwa bado na joto, na unyevu wa jasho.

"Wametoka wanawake," mzee wa mlangoni akasema, na sauti yake haikuwa nzito tena. "Asiye na mtoto simuulizi."

Polisi walikuja, wakataka sura. Redio akafungua kinywa. Alikumbuka mshono wa wigi na jinsi lilivyochanwa, lakini macho ya mtu, pua, mdomo, hakuna. Foleni yote ile alikuwa anaongea yeye. Mwenzake alisema nini? Mama Pacha. Eeh. Maskini.

Mdogo wake, Redio hakumwambia. Alimwambia daktari asiruhusu mgeni asiyejulikana kwenye kitanda cha dirishani. Shule yenye geti la kijani nayo aliiarifu. Saluni hakuweza kuihamisha. Njiti sasa anashinda naye huko huko, nyuma ya pazia, kwenye godoro dogo na kalamu zake za rangi, na wateja wanaulizana mbona Redio kaishiwa betri.

Juzi alikuja mteja mpya kuoshwa nywele. Alijilaza kwenye beseni, macho kafumba, povu limemfunika mpaka kwenye nyusi. Alikuwa mwanamke wa kawaida, anayeweza kuwa mtu yeyote.

"Na yule binti wa mdogo wako," akauliza kwa upole, kama watu wanavyoulizana, "hajambo?"

Vidole vya Redio vikasimama kwenye povu. Nyuma ya pazia kalamu nayo ikaacha kukwaruza.

"Mtoto gani?" akasema, na akafungulia maji kwa nguvu.