Faili Lililogoma Kufunguka

Mwaka 1999 hapakuwa na mtu pale ofisini Mlabani aliyemshinda Klementina kwa kasi ya vidole. Alikuwa mpiga chapa wa mradi wa afya ya mama na mtoto, na Ijumaa ile disketi ilipofika na basi kutoka Dar, aliichomeka kwenye kompyuta yake bila wasiwasi. Ndani yake kulikuwa na kitabu cha mafunzo ya wakunga wa jadi, kurasa sitini, kilichoandikwa upya makao makuu. Jumatatu kilitakiwa Lupiro, ng'ambo ya mto, ambako wakunga ishirini na wanane walikuwa wameshaalikwa.

Alipofungua faili, kioo kilijaa vijisanduku na herufi zilizogongana.

Akapiga simu Dar. Dada wa huko akajibu kwa madaha, "Sisi tumeshahamia toleo jipya la programu. Nanyi nunueni."

"Basi nihifadhie kwa toleo la zamani, unitumie tena."

"Basi la leo limeshaondoka, mama. Labda Jumatatu."

Klementina akaweka simu chini. Alijua kimebaki chumba kimoja tu, na hakutaka kwenda.

Chumba hicho kilikuwa cha Limbu, mtakwimu Msukuma, mpole, ambaye kwenye mashine yake alikuwa ameweka Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kutoka kwenye sidii ya rafiki yake wa chuo kikuu. Haikuuzwa, aliyetaka alinakili, na aliyeweza aliirekebisha. Bosi wao, Mzee Maximilian, alikuwa amekataza isisogee kwenye kompyuta nyingine. "Kitu cha bure kikiharibika utamlilia nani?" Waliocheka siku ile walikuwa wengi, ila Klementina ndiye aliyeibatiza mashine hiyo "shamba la bibi", na jina likashika ofisi nzima.

"Mama Levina!" Limbu alimpokea kwa jina la mwanawe. "Leo umepotea njia?"

"Nimekuja shambani," alisema, uso ukimwaka kwa aibu. "Nisamehe, kaka. Hebu jaribu hii."

Limbu hakumsimanga. Alichomeka disketi, akafungua faili kwa programu ya kuandikia iliyokuwa humo, wakasubiri. Kisha Kiswahili kikatokea, safi, neno kwa neno. Klementina akapiga makofi kama yuko kwaya.

Lakini majedwali yalikuwa yamepinda, na picha ya mtoto tumboni ilikuwa imerukia ukurasa wa kunawa mikono.

"Hapo mimi sijui," Limbu alikiri.

"Hapo ninajua mimi. Nipishe."

Toleo la kwanza la kitabu hicho alikuwa amelichapa mara tatu, kwa hiyo kila picha aliijua ilipotakiwa kukaa. Hadi saa tisa alasiri kurasa zote zilikuwa zimenyooka. Limbu akahifadhi kwa mtindo wa zamani, Klementina akarudi mezani kwake na disketi, na safari hii mashine yake ikasoma bila ubishi. Printa ikaanza kunguruma. Jumamosi vitabu vilivuka mto kwa pantoni.

Jumanne asubuhi Mzee Maximilian alimkuta Klementina chumbani kwa Limbu, akijifunza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Alikohoa, akafunga mlango, akatoa disketi mbili mfukoni. "Hiyo Linux yenu, inaweza kusoma barua za Dar za mwezi uliopita?"

"Si ulishazijibu, mzee? Nilichapa mwenyewe: 'Tumepokea kwa shukrani.'"

"Nilijibu, ndiyo. Kusoma ndiko kulikonishinda."

Limbu akafungua ya kwanza. Ilikuwa na mstari mmoja tu: Tumebadilisha programu, tafadhali tujulishe kama mnashindwa kufungua barua hii.

Wakatazamana. Aliyeanza kucheka alikuwa mzee mwenyewe, akacheka hadi akavua miwani.

"Limbu," alisema alipopata pumzi, "niwekee na mimi hiyo kitu. Leo leo, kabla sijajibu na nyingine bila kuisoma."