Kura Sitini za Majaribio

Verna Tschetter alikuwa karani wa uchaguzi wa kaunti kwa miaka kumi na tisa, na kilichomtisha mwaka huu si mashine za kuhesabu kura bali watu. Jumatatu, mwanamume asiyejitaja alimpigia simu ofisini, akamtajia rangi ya mlango wa nyumba yake, kisha akakata.

Kesho yake asubuhi ikawa zamu ya kupima mashine mbele ya umma. Miaka yote walikuja watu wawili, mmoja wao akifuata kahawa tu. Safari hii, uvumi wa kuibiwa kura ukiwa umeenea, viti vyote vilijaa. Mbele kabisa alikaa Royce Haugen, fundi wa matrekta, simu yake juu, anarekodi. Verna aliwapitia kwa macho mmoja mmoja, akijiuliza sauti ile ilikuwa ya nani.

Kura sitini za majaribio alikuwa amezijaza kwa mkono wake, na jibu analijua: kiti cha sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, mgombea Dahl ishirini na nne, mpinzani wake Munk kumi na saba, zilizobaki hazina alama. Arlo, msaidizi wake, akazilisha mashine. Ikazimeza, kisha ikatoa utepe wa karatasi.

Dahl kumi na saba. Munk ishirini na nne.

Arlo akamwinamia Verna sikioni.

"Tuseme karatasi imekwama. Wakienda, tutarekebisha."

"Na wakijua?"

"Nani atawaambia? Verna, watatumaliza humu ndani!"

Mlango ulikuwa nyuma ya viti. Kuufikia lazima upite katikati yao. Verna akasimama.

"Mashine imekosea," akasema. "Imebadilishana kura za Dahl na Munk."

Ukumbi ukalipuka. "Si tulisema!" "Wezi wakubwa!" Kiti kikaanguka. Royce akaja mpaka mezani, simu karibu imguse Verna pua.

"Rudia hayo, mama. Rudia vizuri."

"Imekosea. Ndiyo maana tunaipima leo, siyo siku ya kupiga kura." Akamsukumia bunda la kura. "Weka simu chini, uhesabu mwenyewe."

Royce alisita, kisha akavuta kiti. Alihesabu kwa sauti, akilamba kidole, na kelele zikapungua polepole. Ishirini na nne. Kumi na saba.

Kosa walilipata katika faili la wagombea: majina mawili yalipangwa kinyume na yalivyo kwenye kura. Arlo akalisahihisha, akairudisha mashine kwenye sifuri, wakaanza upya. Utepe wa pili ulitoka sahihi. Royce aliusoma mara tatu.

"Na zile mashine nyingine?"

"Zimebaki nane. Tutazipima zote. Njoo uone."

"Nitakuja. Usidhani nimekuamini."

Alikuja kila siku mpaka Ijumaa, akahesabu kila bunda, hakusalimia mtu. Mashine ya mwisho ilipotoa hesabu sahihi, Verna aliifunga kwa lakiri yenye namba ili isifunguliwe, na Royce akaandika namba ya lakiri hiyo kwenye kiganja chake, akatia saini fomu ya mashahidi, akaondoka.

Verna akabaki dirishani, koti amelivaa, akiyatazama magari mawili asiyoyafahamu kwenye maegesho na kuikumbuka ile simu ya Jumatatu.

"Arlo," akaita, "nisindikize mpaka kwenye gari."